Bruda kauliza toka Brazil: haya matunda nile tu, au kuna ya kuogopa?

Swali, nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo mzee. Mimi ni bruda, kwetu Makete, nipo utume Belém huku kaskazini mwa Brazil mwezi wa nane sasa. Kila nyumba ninayoingia napewa tunda nisilolijua, na kukataa siwezi. Nimekunywa asai, wenzetu wanaila na samaki na unga wa muhogo! Nimekula bibo la korosho, mdomo ukakauka na midomo ikachubuka. Kuna bibi kanikataza embe na maziwa eti nitakufa. Kuna tunda dogo la njano linanuka kama jibini. Na kuna linaitwa kupuasu, hilo nimelipenda mno, nikija likizo Desemba nataka nimletee mjomba mbegu, yeye ana kakao Kyela. Je, yote haya ni salama? Na mbegu naruhusiwa?"

Marahaba bruda, na pole na joto. Mtu wa Makete aliyezoea kuamka na sweta kapelekwa mahali mvua inashuka karibu kila mchana na shati halikauki kambani, hiyo peke yake ni utume tosha. Mimi ni mzaliwa wa Muheza kwenye machungwa, nimekuwa bwana shamba wa matunda zaidi ya miaka thelathini, Tanga kwanza afu Unguja, na hapo Belém nilifika 1998 kwa kozi ya miezi mitatu, kwa hiyo vingi unavyovisema nimeviweka mdomoni mwenyewe, vingine kwa ujinga, nitakusimulia mbele.

Kwanza nikutoe hofu: nusu ya hayo matunda tunayo huku, ila yako pwani na wewe umetoka kwenye baridi. Ile graviola wanayokukamulia juisi nyeupe ni stafeli. Wanayoiita ata, ile ya magamba magamba, ni topetope. Jaka, lile jitu la miiba, ni fenesi. Goiaba ni pera. Mamão ni papai. Sasa kuna moja jekundu umbo la kengele, ndani jeupe, maji maji, lina harufu ya waridi kwa mbaaali, na mti wake ukitoa maua basi chini panatandikwa zulia la rangi ya waridi iliyokolea mpaka unaona vibaya kukanyaga. Hilo wanaliita jambo. Ndiyo, jambo. Ukitajiwa usijibu sijambo, nyoosha mkono upokee. Unguja tunda hilo hilo ndo tofaa, wakati nyie Makete tofaa ni epo, na nimeshashuhudia mtu wa bara pale sokoni Darajani anamgombeza muuzaji eti kamuuzia epo bovu. Kuna na bakuri, nalo ukiambiwa ule bakuri usishangae, ni tunda lenye ganda nene la njano linalotoa utomvu wa njano, ndani nyama nyeupe imeshikana na mbegu kubwa, wa ukoo mmoja na mangostini ya Asia. Kwangu mimi hilo ndo tunda tamu kuliko yote ya Belém, asikwambie mtu.

Kufanana huko chanzo chake ni meli za Wareno. Karne ya 16 walikuwa wanazunguka Brazil, pwani ya Afrika na Goa, wakibeba vya huku kupeleka kule. Korosho asili yake ni Brazil, Wareno ndo walioileta Msumbiji na India, na jina la wenyeji wa huko, akaju, likawa kaju kwa Mreno, likafika kwetu likawa kanju, ndo maana wazee wa pwani mpaka leo wanaita mkanju. Nanasi hivo hivo, jina limetoka kwa wenyeji wa Amerika Kusini, likapita kwa Mreno, likatua kwetu, ila ajabu yake sa hivi Brazil wenyewe nanasi la sokoni wanaliita abakashi. Embe na fenesi yalienda upande wa pili, kutoka India kuja kwao, na embe ilivyowakubali hapo Belém si unaona barabara zilivyopandwa miembe mji mzima unaitwa mji wa miembe, msimu ukifika watu hawapaki gari chini yake.

Na pesheni je. Hiyo maracujá wanayokupa jioni upate usingizi ni pesheni yetu, asili yake huko huko Amerika Kusini, na jina hilo la pesheni wamelitoa wamisionari enzi hizo. Siku ukiona ua lake lishike karibu ulitazame. Zile nyuzi nyuzi zilizozunguka wakasema taji la miiba, vile vichwa vitano vya chavua wakasema madonda matano, na vile vitatu vya juu kabisa wakasema misumari. Pesheni ni Mateso ya Bwana. Tumekunywa juisi ya mateso miaka yote na hatujui. Hata bibo, kati ya watu wa mwanzo kuliandika Ulaya alikuwepo mtawa, Mfransisko wa Kifaransa anaitwa André Thevet, alikuwa Rio mwaka 1555 mpaka 1556, akarudi kwao akachapisha kitabu chenye mchoro wa watu wanachuma mabibo na kuyakamua. Kwa hiyo kuduwaa mbele ya bibo hujaanza wewe.

Sasa tukae hapo kwenye bibo maana ndo limekuumiza. Ule mdomo kukauka kama umelamba chaki ni tanini, yaani vile vitu vinavyoleta ukakasi, ziko nyingi kwenye bibo na hazina madhara, zinakera tu. Ila midomo kuchubuka ni kitu kingine, hayo ni mafuta ya ganda la korosho. Kitaalamu tunda halisi la mkorosho ni ile korosho yenyewe inayoning'inia chini, bibo ni kikonyo kilichovimba kikawa kitamu, na ganda la korosho mbichi lina mafuta yanayounguza ngozi kabisa. Mtoto wa pwani anajua hilo kabla hajajua kusoma, wengi wetu tuna alama mkononi au pembeni ya mdomo tuliyoipata siku tulipong'ata korosho mbichi tukidhani tumepata. Nina wasiwasi ulilipokea bibo zima ukaling'oa korosho kwa mkono au kwa meno afu ukaendelea kula. Mara nyingine mwachie mwenyeji aling'oe, wewe osha bibo, kata kile kipande cha chini palipogusana na korosho utupe, kinachobaki kula na chumvi kidogo, chumvi inatuliza ule ukakasi. Na korosho mbichi usijaribu kuchoma jikoni kwenu, moshi wake nao unawasha macho na kifua. Mkorosho na mwembe ni ndugu, kwa hiyo kama hata utomvu wa embe unakutoa vipele, ndo ujue mwili wako hauupendi ukoo huo, maembe umenyewe kabisa usiyapasue kwa meno, na siku ukivimba koo au pumzi ikabana kimbia hospitali, usisubiri misa iishe.

Ila kitu ninachotaka ujifunze hapo, na hiki ndo ningekuwa mimi ningekiandika kwenye daftari, ni jinsi wenzetu wanavyolitumia bibo. Sisi Mtwara na Lindi tunachukua korosho, mabibo mengi yanaozea chini ya mti, yanayookolewa mengi yanaishia kwenye uraka na gongo. Wao huko kaskazini mashariki, hasa jimbo la Piauí, wanatengeneza kitu wanaita kajuína. Unakamua mabibo, juisi inatoka na ukungu na ukakasi wake, unatia jelatini kidogo kidogo huku unakoroga, ile jelatini inazikamata tanini zote zinagandamana vipande vipande unaviona kwa macho kama maziwa yaliyokatika, unachuja kwa kitambaa, unarudia kuchuja mpaka juisi iwe angavu kama maji, unatia kwenye chupa, unaziba, unachemsha chupa zenyewe ndani ya sufuria ya maji muda mrefu mpaka sukari yake mwenyewe bibo inageuza rangi kuwa kama asali. Hamna sukari ya kuongeza, hamna dawa, na inakaa miezi. Mwaka 2014 serikali yao ikaitambua kama urithi wa utamaduni. Bruda, tafuta mtu wa Piauí hapo Belém, wapo, muombe akuonyeshe siku moja.

Asai. Najua imekushangaza kwa samaki, mie pia, nilitegemea kitu kitamu nikaletewa bakuli la kitu cha zambarau iliyoiva mpaka nyeusi, kizito, hakina sukari, kina ladha ya udongo na mafuta mafuta, pembeni samaki wa kukaanga na unga mkavu wa muhogo. Ile ya sukari na ndizi iliyogandishwa kama aiskrimu ni ya watu wa kusini, wenyeji wa Pará, jimbo lenyewe la Belém, wanaicheka. Wao asai ni chakula, kama wewe na ugali wako. Kale katunda ni kadogo kama zambarau changa, karibu kote ni mbegu, nyama yake ni utando tu, ndo maana lazima ipite kwenye mashine na maji. Anayeichuma anapanda mti wake ule mwembamba wa jamii ya mnazi na kitanzi cha kamba miguuni sawasawa na mkwezi wetu wa nazi. Ukiamka alfajiri nenda pale soko la Ver-o-Peso ukaone vikapu vinavyoshuka toka kwenye mitumbwi, utadhani upo Bagamoyo.

Hapa lakini ndo penye jambo la kuogopa, na silo lile la kengele. Kuna ugonjwa unaitwa Chagas, daktari Carlos Chagas aliutambua 1909 huko huko Brazil, kidudu chake ni ndugu wa kidudu cha malale yetu, ila badala ya mbung'o anaubeba mdudu mwingine mnyonya damu wanamwita barbeiro. Mdudu huyo anaingia kwenye vikapu vya asai, akisagwa humo pamoja na tunda, au kinyesi chake tu, mnywaji anaupata. Unaanza kama homa tu ya wiki wiki, uso unavimba, na unaweza kushika moyo. Usiache asai lakini! Uliza tu. Wauzaji wazuri wa Belém matunda wanayaosha, afu wanayatumbukiza kwenye maji ya moto wa nyuzi 80 kwa sekunde kumi, baada ya hapo ndo wanasaga, na sekunde kumi hizo zinatosha kumuua kidudu bila kuharibu ladha. Ukiona kibao au kitambaa chekundu mlangoni hapo panauzwa asai, ingia uulize kama wanapitisha kwenye maji moto, hawachukii, wamezoea kuulizwa. Kugandisha kwenye frizi tu hakutoshi. Ile ya kusagiwa kijijini toka mtini moja kwa moja, omba wapitishe maji moto kwanza, sema daktari wenu wa shirika kaagiza, uongo mtakatifu huo utauungama mwenyewe.

Pupunya nayo hujaitaja lakini utaletewa tu, imo kwenye kila kahawa ya jioni, tunda la rangi ya chungwa au nyekundu linalokua kwa vishada, linachemshwa na chumvi, ukila ni kama kiazi kitamu kilichokutana na chestinati, zile kokwa za Ulaya za kuchoma, sijui nikueleze vipi. Mie wiki ya kwanza nililiona kishada sokoni linang'aa nikanunua, nikang'ata bichi pale pale nimesimama. Mdomo uliwasha kama nimekula gimbi bichi, mama muuzaji akacheka mpaka akakaa chini, afu akanipa lililochemshwa bure. Kwa hiyo pupunya mpaka ichemke, mbichi hailiwi.

Embe na maziwa? Hamna kitu, hutakufa, Wahindi wanakunywa lasi ya embe na mtindi na hawafi. Imani hiyo ipo Brazil nzima, na wengi wao wenyewe wanasimulia kwamba ilitungwa enzi za utumwa ili watumwa wasiguse maziwa ya bwana. Ila wewe usibishane na bibi wa watu jikoni kwake, mwambie asante bibi, embe kula leo maziwa kesho. Na wakikupa parachichi limepondwa na sukari na maziwa, najua kwenu parachichi ni chumvi au mkate, funga macho ule.

Viwili vya haraka haraka ambavyo hujauliza. Karambola, lile ukilikata linatoa nyota, kwa mzima halina shida, ila kama kwenye nyumba yenu kuna mzee mwenye figo mbovu asiliguse hata kipande, linaanza kumpa kwikwi zisizokata, afu akili inamchanganyika, na watu wamekufa. Cha pili ni chai ya majani ya graviola inayouzwa kila kona eti inatibu kansa. Kwa binadamu haijathibitishwa, na kunywa chai hiyo na stafeli kwa wingi miaka na miaka kumehusishwa na ugonjwa wa kutetemeka unaofanana na Parkinson, iligunduliwa kwa watu wa kisiwa cha Guadeloupe. Juisi ya stafeli ya Jumapili kunywa tu, mbegu toa.

Sasa mbegu za kupuasu kwa mjomba. Hapana bruda. Sikatai kwa sababu ya sheria tu, ngoja nikueleze. Kupuasu na kakao ni ndugu wa karibu kabisa, ndo maana umelipenda, ile harufu ni kama chokoleti imetiwa nanasi. Undugu huo ndo tatizo, manake wanaumwa ugonjwa mmoja. Kuna ukungu wa Amazon wenyeji wanauita ufagio wa mchawi, kwa sababu tawi linaloshikwa linachipua vijitawi vingi vimebanana kama ufagio afu vinakauka, na kakao inaozea mtini. Mwaka 1989 uliingia jimbo la Bahia, kakao ya pale ilikuwa inalisha dunia, ndani ya miaka kumi hivi uzalishaji ukaporomoka, mashamba yakaachwa, vibarua wakaondoka na familia zao, na nchi iliyokuwa inauza kakao nje ikawa inanunua. Afrika ugonjwa huo hatuna. Kyela hawana. Mjomba wako anauza kakao yake bila kuujua hata kwa jina, na mimi ningependa azeeke hivo hivo.

Najua unavojisemea, mbegu tatu tu nitaziosha. Mie nilijisemea hivo hivo 1998. Nilikuwa na mbegu za bakuri na za kupuasu kwenye soksi ndani ya begi, mtaalamu mzima mwenye cheti, nikakamatwa nazo uwanja wa ndege, zikachukuliwa zikachomwa, nikaona aibu na hasira vyote pamoja, nilinuna mpaka nafika nyumbani. Wiki chache nyuma tu nilikuwa nimepelekwa kuona shamba la kupuasu lililojaa mafagio hayo, na bado nikaweka mbegu kwenye soksi! Ndo binadamu. Na kwa taarifa yako zingefika zimekufa, mbegu za kupuasu na bakuri hazivumilii kukaushwa kama mahindi, zikikauka zimekwisha. Vimelea ndo vinavyovumilia.

Tumeshaumia kwa njia hizi. Vidung'ata wa muhogo waliotoka Amerika Kusini walionekana Kongo miaka ya sabini mwanzoni, wakatembea nchi kwa nchi wakila mihogo ya watu, mpaka wataalamu walipomfuata kinyigu mdogo Paraguay anayewaua. Nzi wa maembe anayetusumbua pwani sa hivi ni wa kutoka Asia, Kenya alionekana 2003, na leo muulize mkulima yeyote wa embe Muheza au Mkuranga kitu gani kinamtoa machozi. Kama kweli mjomba anataka kujaribu mmea wa nje, njia ipo, aandike Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, wapo Arusha, aombe kibali kabla mmea haujatoka huko, nao waangalie kama unakubalika na upite karantini. Kwa kupuasu mtu wa kakao atakataliwa nadhani, na mimi nikiwa mezani nitakuwa wa kwanza kukataa. Mletee pipi zake, zile za chokoleti zenye kupuasu ndani, kitu cha kiwandani kilichofungwa hakina shida. Na viatu ulivyoingia navyo shambani visugue udongo wote na uvianike kabla hujafunga begi.

Limebaki lile dogo la njano linalonuka jibini. Hilo ni murisi. Wanalifanya aiskrimu na juisi, na watu wa Pará wakiwa mbali na kwao ndo wanalililia kuliko yote. Salama kabisa, kula. Mie nililijaribu mara nne kwa siku nne tofauti nikashindwa, nikimaliza kijiko tu naona kama nimelamba soksi, kwa hiyo kama wewe umelimeza bila kukunja uso mbele ya wenyeji, umeshanipita.